Somo la Kuandikisha Kifo

Bunia, Nyakasanza
Mwezi wa tisa, 2003

Yaya wangu mpenzi Françoise,

Kabla sijafika kwenye habari yoyote, nakusalimu kwa heshima, weye pamoja na shemeji Jean-Pierre, na watoto Yves na Estelle. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa mvua sasa kinakuachia usingizi. Mimi huku ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini nguvu za kazi ninazo, na Mungu aliyetufikisha mwezi huu tunamshukuru.

Salamu zako nilizipata kwa mkono wa Mama Joëlle, yule anayepitisha samaki wa Tchomia, pamoja na sabuni na shati. Aksanti sana, Yaya. Nililiangalia lile shati muda mrefu. Mtu anaishi kambini ng'ambo ya ziwa, chini ya turubai, na bado anatafuta shati la kumtumia mdogo wake mwenye mshahara! Ingawa huo mshahara, nikueleze ukweli, ni jina tu. Weye ndiwe uliyenisomesha kwa samaki uliokausha mwenyewe, macho yako yakiwa mekundu kwa moshi kila siku ya Mungu, na bado hujachoka kunitunza. Kila ninapokaa kwenye meza ya kazi nakukumbuka.

Umeniuliza kupitia Mama Joëlle kama ni kweli watu walinikuta darasani, nikinakili masomo, wakati mji unawaka. Umesema ulicheka, halafu ukaogopa kwamba labda kichwa changu kimeguswa. Ni kweli, Yaya, nilikuwa darasani. Nataka kukueleza yote toka mwanzo, taratibu, kwa sababu mwisho wake kuna jambo ambalo sikutaka kuliweka mdomoni mwa Mama Joëlle wala mwa mtu mwingine. Hilo napaswa kukuandikia kwa mkono wangu. Majina ya makabila sitayataja, maana barua hupita mikononi mwa wengi. Nikisema upande wetu na upande wao utanielewa.

Mwezi wa nne, wakati wakubwa wa amani walipokuwa wanakutana hapa mjini, ilitangazwa kwamba makarani na watunza hazina wa ofisi zote za mji, na wale wa centre, ile miji midogo midogo ya Djugu, wangefundishwa kazi upya. Sababu ilieleweka. Kila kundi lililoshika mji lilikuwa limeweka watu wake ofisini, na wengi wetu tulijifunza kazi kwa kumtazama aliyetutangulia, ambaye naye alikimbia kabla hajatuonyesha hata nusu yake. Mimi mwenyewe niliingia kwenye idara ya vizazi na vifo bila kupokea chochote zaidi ya ufunguo, na kabati lenyewe lilikuwa halina mlango.

Mwalimu alitoka Kisangani kwa ndege. Jina lake ni Mama Solange. Ni mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, anayetembea polepole kwa ajili ya magoti. Alikuwa mtunza hazina wa komini moja kule mpaka nywele zikawa nyeupe. Alishuka na mzigo mzito ambao vijana wa uwanja wa ndege waliubeba wakilalamika, wakidhani ni nguo za biashara. Kumbe ni mihuri, wino, na karatasi za kujifunzia.

Tulikusanyika katika ukumbi wa parokia. Siku ya kwanza, bila mtu kutupanga, tulikaa kila upande peke yake, na katikati ikabaki njia pana kama ile ya maharusi. Mama Solange aliiona njia hiyo, akaipita mara kadhaa akila karanga zake. Halafu akatuuliza ni ofisi gani kati ya zetu iliyo na kiti cha mwenye shida. Hatukuelewa. Akaeleza: kiti cha yule mama aliyetembea na mtoto mgongoni kuja kuandikisha. Tukatazamana. Ofisi zetu zote, mwenye shida husimama. Akasema basi mafunzo yake hayaanzi mpaka viti vipatikane, akatutuma madarasani tukavilete. Viti havikutosha, ikabidi kubeba mabenchi, na benchi halibebwi na mtu mmoja. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeshika ncha ya benchi, na ncha nyingine ameishika mtu mmoja wa upande wao, anaitwa Floribert.

Huyu Floribert ni mtunza hazina wa centre moja ndogo upande wa Kilo. Ni mrefu, mabega mapana, mtu asiye na maneno. Aliponiambia anatoka wapi, moyo ulinigonga, maana toka kilima chetu hadi soko la kwake ni mwendo wa asubuhi moja. Weye unajua njia hiyo kuliko mimi. Sikumuuliza lolote. Naye aliposikia jina langu alishusha macho, akasema tu kwamba benchi lipitie kwanza upande wa miguu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, Yaya. Nashindwa kukueleza furaha ya kufundishwa kitu ambacho umekifanya kwa kubahatisha miaka. Tulijifunza namna ya kupokea jina la mtoto bila kumsahihisha mama yake, namna ya kuandika habari za mkutano hadi mtu asiyekuwepo akaelewa, na namna ofisi inavyopokezanwa toka mkono hadi mkono hata kama mikono hiyo haipendani. Watunza hazina walifundishwa kwamba anayepokea fedha si yule yule anayezitoa. Tulifanya michezo: mmoja karani, mwingine mwenye shida. Monique, mtunza hazina wa hapa mjini ambaye tumesoma naye, aliigiza mwanamke wa sokoni anayebishana juu ya kodi ya meza mpaka Mama Solange akavua miwani kufuta machozi ya kicheko. Saa sita tulikula mchele na maharagwe kutoka sufuria moja. Ile njia katikati ya ukumbi ilizidi kuwa nyembamba, na hakuna aliyeitaja.

Ndipo likaja somo la kuandikisha kifo.

Mama Solange alituambia kwamba siku hiyo hatutabuni mtu. Alisema anaamini hakuna hata mmoja ukumbini anayehitaji kubuni. Akanichagua mimi niwe mwenye kuleta habari ya kifo, na Floribert, ingawa kazi yake ni ya hazina, akae kwenye kiti cha karani. Nilitaka kukataa. Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kile kiti cha mwenye shida, na watu wote wananitazama. Nikasema ninaleta habari ya baba yangu.

Floribert alianza vizuri. Aliuliza jina, nikasema Nathanaël. Aliuliza alikuwa anakaa wapi, nikataja kilima chetu. Kalamu ikasimama kidogo, halafu ikaendelea. Aliuliza alikufa lini, nikasema mwaka uliopita, wakati wa mavuno ya maharagwe, siku kilima kiliposhambuliwa, kwamba siye wote tulikuwa tumekimbia na yeye alikataa kuondoka kwa sababu ng'ombe wake mmoja alikuwa karibu kuzaa. Hapo sauti ya Floribert ikashuka sana. Aliuliza nani aliuona mwili. Nikasema hakuna. Aliuliza alizikwa wapi.

Yaya, unajua ni kitu gani kinatuuma wote. Nikajibu kwamba hakuzikwa. Aliachwa.

Floribert aliweka kalamu mezani, akasimama, akatoka nje. Kupitia dirisha tulimwona amesimama karibu na ukuta wa kanisa, ametupa mgongo. Mama Solange hakumwita. Alikuja yeye mwenyewe, akakaa mbele yangu, akaichukua ile karatasi, na kwenye fasi ya shahidi na ya kaburi hakuandika kitu. Aliniambia kwa upole kwamba karani hana ruhusa ya kujaza asichokijua, na kwamba karatasi yenye nafasi wazi inaweza kungoja.

Lakini mimi nilikuwa sisikii. Hasira ilinijaa mpaka masikioni. Niliwaza: hawa watu hata kusikia habari za wafu wetu hawataki. Jioni nilimwambia Monique kwamba kesho sirudi. Yeye hakunihubiria. Alisema tu kwamba kesho wanapika mchele na samaki, kwa hiyo nije nile kwanza, halafu nikasirike nikiwa nimeshiba. Nikacheka bila kutaka, na kesho yake nikarudi. Floribert alikaa nyuma kabisa. Hakuniangalia tena.

Muda haukupita, wale askari wa nchi jirani waliokuwa wanashika mji wakafunga mizigo yao wakaondoka, na asubuhi moja, tukiwa ndiyo tumeanza chai, risasi zikaanza. Unakumbuka sauti hiyo, sitakueleza. Wapiganaji wa upande wao waliingia mjini kutoka pande nyingi. Barabara ikawa haipitiki. Mama Solange alifunga mlango wa ukumbi, akatulaza chini ya meza, na yeye ambaye magoti hayamruhusu kulala akabaki amekaa katikati ya ukumbi kwenye kiti. Halafu akaanza kuita majina yetu, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeombea, na kila mmoja alijibu toka chini ya meza yake. Alipomaliza alianza tena. Sijui alifanya hivyo kwa muda gani. Najua kwamba kila lilipoitwa jina langu niliona bado niko.

Mchana walikuja getini. Waligonga kwa kitako cha bunduki. Kabla hatujajua nani afungue, Floribert alikwisha kutoka nje. Tuliwasikia vizuri, maana madirisha yalikuwa yamekwisha kuvunjika. Waliuliza ndani kuko nani. Akawajibu kuko wakarani na watunza hazina, wanajifunza. Wakauliza wa kabila gani. Akasema yeye amekula nao sufuria moja siku hizi zote, na kama kuna kosa, waanze naye. Mkubwa wao akaingia mpaka mlangoni, akaangaza macho chini ya meza, akanyoosha kidole kwangu. Nadhani ni kwa ajili ya sura yangu, Yaya. Weye na mimi hatuwezi kuficha sura ya Baba.

Floribert alikuja akasimama kati ya kidole na mimi. Akasema:

"Huyu ni wangu. Tunatumika naye."

Walibishana kwa lugha yao, na mimi siielewi. Mwisho wake mkubwa yule akasema kwa Kiswahili kwamba wao nao wanahitaji mtu wa kuwaandikia, na kama wakarani ni wazuri hivyo, basi yeye aende nao. Floribert akachukua koti lake kwenye kiti. Akamuaga Mama Solange kwa kuinamisha kichwa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akatoka nao. Hakuniangalia hata hapo.

Kulipotulia kidogo, Mama Solange alifunga kitambaa cheupe kwenye fimbo ya ufagio akatuongoza kwa miguu mpaka kambi ya askari wa umoja wa mataifa, karibu na uwanja wa ndege, ambako watu walikuwa wanakimbilia kwa maelfu. Nilimshika mkono upande mmoja, na upande mwingine alimshika kijana wa Djugu wa upande wao. Njiani kulikuwa na mambo ambayo sitayaandika.

Kambini kulikuwa na matope, turubai, na njaa. Baada ya siku chache mji ukabadilisha mikono tena, upande wetu ukarudi, na waliokimbilia kambini sasa walikuwa wale wa upande wao. Walioogopa jana na walioogopa leo wakawa chini ya turubai zile zile. Ndege zilikuwa zinaondoa wageni. Mama Solange alipewa nafasi, na tulimbembeleza akubali. Alijibu kwamba hajamaliza masomo, na hajawahi kuacha kazi bila kuikabidhi. Basi akatugawa. Monique akasimamia mstari wa maji. Wengine wakaandika familia ili turubai zisipewe mtu mmoja mara nyingi. Mimi nikapewa meza ya vizazi na vifo, chini ya mti usio na kivuli cha kutosha, na mbele ya meza, kwa amri ya mwalimu, kiti. Yaya, kama unataka kujua kwa nini nasema nashukuru mwaka huu mbaya, ni kwa ajili ya meza hiyo. Wamama waliojifungua kwenye matope walikuja wakakaa, nikawaandikia watoto wao kwa majina waliyoyataka. Mmoja aliyekuwa amepoteza kila kitu aliniomba nimsomee jina la mtoto wake mara ya pili, kisha ya tatu, halafu akaondoka amejishika vizuri kuliko alivyokuja. Hapo ndipo nilipoelewa kazi uliyonisomeshea.

Askari wa Ulaya walipofika mwezi wa sita, risasi zikapungua. Alasiri moja, nikiwa nimeinamia karatasi, mtu alifika mbele ya meza akasimama. Niliona miguu kwanza, haina viatu, imepasuka. Niliponyanyua macho nikamwona Floribert. Mabega yale mapana yalikuwa yamebaki mifupa. Aliwatoroka wale wapiganaji walipokuwa wanaukimbia mji, akajificha porini mpaka njaa ikamtoa.

Nikamwambia akae. Akakaa. Nikamshukuru kwa ile siku ya getini, maneno yakiwa yananigongana mdomoni. Hakuyapokea. Aliangalia mikono yake, akasema amekuja kuandikisha kifo.

Sasa, Yaya, kama umesimama nakuomba ukae, na shemeji akae karibu nawe.

Nilichukua karatasi nikamuuliza ni kifo cha nani. Akajibu:

"Cha muzee Nathanaël. Siku ile weye ulisema shahidi hakuna, na shahidi njo alikuwa anashika kalamu."

Akaendelea polepole, na mimi nakuandikia kama alivyonieleza. Alimjua Baba toka zamani, kwa sababu Baba alikuwa analeta maziwa kwenye soko lake, na kila alipolipa kodi ya soko alikuwa anamtania kwamba anakamua ng'ombe ili serikali inywe. Siku kilima kiliposhambuliwa, Floribert na mke wake Adèle walisikia kutoka mbali. Kesho yake kulipopambazuka walipanda wawili tu, bila kumwambia jirani. Walimkuta Baba karibu na zizi. Floribert akachimba nyuma ya nyumba, kati ya ile miti miwili ya avoka. Hakukuwa na sanduku. Adèle alivua kikwembe chake cha kwenda kanisani, kilichokuwa kipya, wakamfunika nacho toka kichwa hadi miguu. Wakasali Baba Yetu, wakaweka mawe juu ili wanyama wasichimbue. Wakarudi kwa njia ya mtoni. Hawakumweleza mtu hata mmoja, maana kule wakati ule, kumzika mtu wa upande wetu kulitosha kumfanya mtu naye azikwe.

Nilitaka kuamini na nilikuwa naogopa kuamini. Nikamuuliza kama kuna alama yoyote aliyoiona. Akasema wakati wanamfunika miguu, Adèle aliona kwamba mguu wa kushoto ulikosa kidole kidogo, na jeraha lake lilikuwa la zamani sana.

Yaya, lile jembe. Weye ulikuwepo siku ile, ukamfunga kwa kitambaa cha shule.

Nitakuambia na hili, kwa sababu siye wawili hatujafichana. Nilimuuliza alikuwa wapi siku yenyewe, kama kesho yake alikuwa na nguvu za kuchimba. Nilimuuliza vibaya, kwa sauti ya juu, watu wakageuka. Hakujitetea. Alisema alikuwa amelala kifudifudi ndani ya migomba pamoja na watoto wake, na alisikia, na hakutoka. Alisema kama angetoka wangekuwa wafu wengi zaidi, na kwamba anajua hilo, na kwamba kulijua hakumsaidii kulala. Alisema siku ya somo alitoka nje kwa sababu aliogopa nitamuuliza swali hilo mbele ya watu. Halafu akaanza kulia bila sauti, mtu mzima yule, amekaa kwenye kiti cha mwenye shida, na mimi nikajikuta nimezunguka meza, nimechuchumaa mbele yake, nimemshika magoti. Sijui nani alimbembeleza mwenzake.

Monique alituona toka kwenye mstari wa maji akaja, na Mama Solange nyuma yake na fimbo. Walipoelewa, mwalimu hakulia wala hakutuhubiria. Alinikataza kurudi kwenye kiti cha karani, kwa sababu sheria haimruhusu karani kuandika jambo la nyumba yake, akamkalisha Monique. Aliuliza kama kuna shahidi wa pili. Floribert akasema Adèle, ambaye amemkuta leo hii, yuko kambini tangu mwezi uliopita, turubai za upande wa chini. Alikuja na maji ya kufulia bado mikononi. Ni mama mfupi, mwenye macho mapole. Aliniamkia kwa mikono miwili, akaniambia tu:

"Tulimulaza muzuri. Kichwa upande wa jua inatokea."

Basi Monique akauliza maswali yote toka mwanzo, na safari hii kila swali lilipata jibu. Nilipopewa kalamu nitie sahihi, mkono ulikataa. Mama Solange akanishika kwenye kifundo, kama mtoto anayefundishwa herufi ya kwanza, tukaandika pamoja.

Tulipewa vyeti vyetu hapo hapo kambini, tukavipigia makofi. Mama Solange alirudi Kisangani mwezi wa nane. Tulimsindikiza mpaka ndegeni, pande zote mbili, na mzigo wake ulikuwa mwepesi kwa sababu mihuri yote alituachia. Mimi nimerudi ofisini. Floribert anangoja barabara ya Kilo ifunguke, na kwa sasa anasaidia upande wa hazina kambini. Jumapili huwa anakuja hapa kwangu na Adèle, tunakula sombe. Hatuzungumzi sana. Kuna siku bado hasira hunijia namtazama, naye anaijua, anangoja ipite.

Sasa ninalokuomba. Weye ndiwe mkubwa wetu. Ulikataa kilio cha Baba, ukasema hutakaa chini kumlilia mtu asiye na kaburi, na siye tuliheshimu neno lako. Leo kaburi liko, na walioliona wako. Nafikiri wakati umefika tukae kwenye kilio, hapa Nyakasanza, uani kwa baba mdogo Lambert, na barabara ikifunguka Floribert atatupeleka mpaka kwenye mawe yenyewe. Lakini baba mdogo Lambert anasema mtu wa upande ule hataingia uani kwake siku hiyo, hata kama alizika. Wengine wanamuunga mkono. Mimi nimewajibu kwamba Floribert na Adèle wasipokaa pamoja na familia, mimi nami nitakaa nje pamoja nao. Maneno yamekuwa mengi. Neno lako tu ndilo litakalomaliza, maana baba mdogo mwenyewe anasema atamsikia Françoise. Kama unaweza kuvuka ziwa, njoo. Kama huwezi, andika, hata mistari miwili, Mama Joëlle atangoja ng'ambo mpaka uimalize.

Adèle ameniuliza kama utakubali kumwona. Anasema kuna mambo ya ile asubuhi ambayo mwanaume hawezi kuyaeleza vizuri, namna alivyomwosha Baba uso na namna alivyomfumba macho, na kwamba anayatunza kwa ajili yako, binti mkubwa wa Baba. Nimemjibu kwamba utamkaribisha. Sikungoja ruhusa yako, nisamehe kwa hilo.

Nisalimie shemeji Jean-Pierre, na umwambie nyavu zake alizoacha Tchomia mtu mwema amezianika. Mbusu Estelle. Yves mwambie asome kwa bidii hata kama shule ni chini ya mti. Monique anakusalimu, na Mama Solange aliacha salamu zake kwa yule dada aliyenisomesha. Mungu akulinde, Yaya, akulaze vizuri usiku wa leo baada ya kuyasoma haya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Gaspard